Bamba la kaboni ndani ya kiatu: lafaa kwa kidole gumba kilichowahi kuumia?

Kidole gumba cha mguu kilichowahi kuvunjika au kuteguka huweza kuonekana kimepona, uvimbe ukaisha na kucha ikaota upya, na bado kikauma kila unapopanda ngazi. Mara nyingi maumivu hayo yamo kwenye kiungo cha shina la kidole. Ukitembea, kisigino kinapoinuka, kiungo hicho hukunjwa kuelekea juu kwa digrii 40 hadi 60 hivi. Kikishakakamaa, au gegedu lake (utando laini unaofunika ncha za mifupa) likishalika, hakifiki huko, na mifupa hubanana upande wa juu.

Hapo ndipo soli laini za jeli, ambazo wengi huzikimbilia kwanza, zinaposhindwa. Zinapunguza kishindo cha kukanyaga, lakini kiatu kinaendelea kujikunja palepale panapouma. Bamba la kaboni linazuia ule mkunjo wenyewe. Ni kipande kigumu cha nyuzi za kaboni chenye umbo la unyayo, unene wa milimita moja au mbili, kinachokaa chini ya soli ya ndani. Kwa kidole gumba kilichokakamaa tunalipatia bamba alama 4 kati ya 5. Kwa vidole vidogo, 1, na hiyo ni kwa huruma.

Jipime kabla ya kununua. Kaa, shika kidole gumba, kipandishe juu taratibu kwa mkono. Kikiuma kinapofika mwisho wa mkunjo, bamba lina kazi ya kufanya. Kama kinachouma ni ncha, kucha, au ni mwako na ganzi katikati ya vidole, usitegemee nafuu kubwa. Huenda shida ni mshipa wa fahamu au kiatu kinachobana.

Kuna bamba bapa na kuna lililoinuka kidogo mbele. Fuata umbo la kiatu: chenye ncha iliyoinuka kinataka la kuinuka, la sivyo bamba litacheza na kisigino kitakuwa kinachomoka. Lipo pia lenye ulimi mgumu chini ya kidole gumba tu, huku vidole vingine vikiachwa vijikunje. Hilo ni starehe zaidi kwa kutembea, ila la kushoto haliingii kulia.

Kulivalisha si kazi. Toa soli ya ndani, iweke juu ya bamba ulinganishe: bamba liwe fupi kwa milimita chache na lisipande kingo za kiatu. Likizidi, libadilishe. Usilikate kwa mkasi wala kulisugua kwa msasa. Nyuzi zake huchoma mikono na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Rudisha soli juu yake. Kama soli ya ndani imegundishwa, tafuta kiatu kingine, maana bamba likiwekwa juu linateleza na kula nafasi ya vidole. Kiatu cha kamba, chenye kina mbele na nafasi ya sentimita moja hivi kupita kidole kirefu, ndicho kinachofaa.

Siku ya kwanza vaa saa moja, kisha ongeza saa moja kila siku. Misuli ya nyuma ya mguu itachoka, hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni maumivu mapya upande wa kidole cha mwisho: maana yake unakwepa, uzito wote umehamia nje. Punguza muda, na yasipoisha nenda kwa mtaalamu wa miguu na bamba pamoja na kiatu chenyewe.

Kero zipo. Bamba hulia kwa mlio wa kukwaruza. Nyunyiza poda chini yake. Kisigino kikichomoka, pitisha kamba hadi tundu la mwisho. Kuchuchumaa au kupiga magoti vidole vikiwa vimekunjwa kunakuwa kwa shida, na kuendesha gari kunahitaji mazoezi kwanza kwa kuwa pedali huisikii vizuri. Kila baada ya muda lichomoe ulipapase chini ya kiungo. Likiwa na ufa, tupa.

Vifuniko vya silikoni, vile vya kuvisha kidole, ni kitu kingine kabisa. Vinasaidia kinundu cha mfupa kisisuguliwe na kiatu, basi. Vivue usiku na ukaushe kidole, kwani jasho likikaa ngozi hulainika na kuchanika. Kwa vidole vidogo, kufunga kidole na jirani yake kwa plasta, pamba ikiwa katikati, kunafaa kuliko bamba.

Mwenye kisukari au miguu yenye ganzi asijaribu chochote kati ya hivi bila daktari, kwa sababu kidonda kitaanza asijue. Na kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, usikisingizie jeraha la zamani: huenda ni jongo (gauti) au maambukizi, na bamba halina lake hapo.