Kutundika au kukunja?

Shati, gauni na koti ni za kutundika, hapo sina ubishi. Hazipati makunyanzi, na ukifungua kabati unaziona zote mara moja. Ila bomba la kutundikia lina kikomo chake: nguo zikibanana, unavuta moja zinakuja tatu, na ile uliyoipiga pasi jana inajikunja upya.

Kukunja kunaingiza nguo nyingi zaidi katika nafasi ileile. Tatizo ni rundo. Fulana unayoitaka huwa chini kabisa (ndivyo ilivyo siku zote), na ukiichomoa rundo lote linaporomoka. Dawa yake ni kuzikunja ndogondogo na kuzisimamisha ndani ya droo kama vitabu kwenye rafu, ili kila moja ionekane. Sweta nazo zikunjwe tu. Ukizitundika, uzito wake wenyewe huzivuta zikarefuka, na hanga huacha vinundu mabegani. Jinzi? Popote, haina makuu.

Mimi ningetundika za kazini na kukunja zilizobaki. Asubuhi ukiwa na haraka, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye hanga. Droo inaweza kusubiri wikendi.