TAHADHARI: Altaneta za Land Cruiser zinazopakwa rangi na kuuzwa kama mpya Kampala

Ndugu madereva, hasa nyinyi wenye Land Cruiser za injini ya dizeli ya 1HZ mnaopanda Arua, Kitgum na Karamoja: kuna duka la vipuri katikati ya Kampala linauza altaneta (kile kifaa kinachozungushwa na injini kutoa umeme wa gari na kuchaji betri) mbovu zilizopigwa rangi ya fedha. Jina silitaji, ila mchezo wao nauanika wote, kwa sababu hawauchezi peke yao.

Gari langu nabebea watalii. Mwezi uliopita taa ya betri ikaanza kuwaka hafifu kwenye dashibodi, inazima, inarudi. Nikiigonga altaneta kwa mpini wa bisibisi, chaji inarejea. Hapo ningeshtuka. Lakini kesho yake nilikuwa na wageni wanne wa kwenda hifadhi ya Kidepo, na mtu mwenye haraka ndiye mteja wanayempenda.

Muuzaji alinipokea vizuri, "karibu mzee wangu", na soda juu. Akaipima yangu, akatikisa kichwa: "Hii imekufa kabisa." Akaleta nyingine, "mpya toka Japani", inang'aa, ina stika ya ampea 80. Bei shilingi 750,000, ila nikimwachia ile ya zamani anapunguza laki moja. Kabla sijalipa akaifunga kwenye mashine yake ya kuzungushia, akaunganisha balbu ya indiketa. Ikawaka! Nikatuma 650,000 kwa simu.

Balbu hiyo ndiyo iliyonimaliza. Ni wati 21, inakula chini ya ampea 2. Altaneta ya ampea 80, hata dayodi yake moja (kipande kinachogeuza umeme wake uwe wa kuchaji betri) ikiwa imeungua, itaiwasha bila shida. Ni sawa na kumjaribu fahali wa jembe kwa kumbebesha kikapu.

Tulivuka Karuma jua likizama. Nilipowasha taa kubwa, ndani ya saa moja zikawa na rangi ya chungwa. Injini haikuzima, maana 1HZ inahitaji umeme kidogo tu wa kushikilia vali ya dizeli. Kilichonitoa jasho ni breki. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, nakanyaga kwa miguu miwili.

Hapa wengi hatufikirii. Kwenye 1HZ pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, imefungwa mgongoni mwa altaneta, shafti ni moja, na oili yake inatoka kwenye injini. Pampu hiyo ndiyo inayoipa nguvu busta ya breki, kile kifaa kinachosaidia mguu wako kukanyaga. Ukinunua altaneta chakavu umenunua na breki chakavu, na balbu haikuonyeshi hilo.

Fundi wa Kitgum aliifungua asubuhi mbele yangu. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, mpya, kweli. Lakini ringi za shaba ambazo kaboni husugua zilikuwa zimelika mpaka zina mfereji, dayodi moja imeungua, waya za ndani nyeusi kama masizi, na vibao vya pampu vimeisha. Skrubu zote vichwa vimechubuka chini ya rangi. Nilipomsimulia jinsi ile ya zamani ilivyokuwa ikirudisha chaji nikiigonga, akacheka: "Mzee, hizo zilikuwa kaboni tu zimefupika." Kaboni zikifupika hubadilishwa zenyewe, si sababu ya kuuziwa altaneta nzima.

Kwa hiyo usikubali kupimiwa mezani. Ifungwe kwenye gari lako, mwaga oili kidogo ndani ya pampu kabla ya kuwasha, halafu weka mita kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzuri husoma karibu volti 12.6, ikinguruma, 13.8 hadi 14.4. Sasa washa taa kubwa, feni na waipa zote pamoja, uiache mpaka ipate moto. Ikiteremka hadi 12 na kitu, warudishie. Ikipita 15, itachemsha betri. Ukiwa na mita nzuri, igeuze upande wa AC: ikizidi nusu volti, dayodi zina kasoro. Kisha kanyaga breki mara kadhaa, pedali ibaki laini. Na yeyote atakayekuambia uchomoe waya wa betri injini ikiwaka ili "tuone kama inachaji", mfukuze. Hivyo ndivyo dayodi zinavyouawa.

Nilirudi dukani na kile kimeo. Wakanionyesha maandishi madogo chini ya risiti: vifaa vya umeme havirudishwi. Nikawakumbusha kuwa sheria ya Uganda ya mauzo ya bidhaa ya 2017 inataka kitu kifae kwa kazi kilichouziwa. Wakaniuliza risiti inasema niliuziwa nini. Nikaisoma: "spea, 1". Basi. Andikisheni namba ya injini, neno mpya au iliyotumika, na siku za dhamana, kabla hamjatuma hela.

Nikigeuka kutoka, nikaiona altaneta yangu kwenye rafu. Naijua kwa sikio la bolti ya chini, lilivunjika nikalichomelea Arua. Imepakwa rangi, ina stika. Nikauliza bei. "Laki nane, mzee wangu, mpya toka Japani."

Atakayeinunua, abadilishiwe kaboni tu. Pampu yake ni nzima.