Rangi za unga za maji baridi kwenye amerikani na katani

Rangi hizi nimezitumia miezi minane sasa, kwa kazi zangu za kutundika ukutani ninazounga kwa amerikani, katani na vipande vya leso kuukuu. Zamani nilikuwa napaka akriliki. Inang'aa, lakini ikikauka kitambaa kinakakamaa na sindano haipiti. Kazi moja ilinivunjia sindano tatu. Rangi hizi zinashikana na uzi wenyewe, kitambaa kinabaki laini, na unadarizi juu yake utakavyo.

"Mama, hii haichuji," muuzaji wa Biashara Street aliniambia. Kweli haichuji, ila ina masharti. Inataka pamba, kitani, mkonge (ndio katani yenyewe). Poliesta ukiisuuza inarudi ilivyokuwa. Amerikani mpya ifue kwanza kwa maji moto na sabuni, wanga wa kiwandani utoke. Kisha loweka kwenye maji ya magadi, maana bila magadi rangi haishiki. Nilianza na yale ya kuchemshia maharagwe, rangi ikawa hafifu. Magadi yaliyosafishwa, ya kufulia, ndiyo yenye nguvu. Na funika pua unapopima, unga huu si wa kuvutwa.

Kilichoniumiza ni feruzi, ile buluu yenye ukijani. Pakiti inasema saa moja inatosha. Nilitia mwezi wa saba, na baridi ile ya Nairobi mnaijua, nikaona feruzi yote ikienda na maji ya kusuuza. Rangi hizi huitwa za maji baridi lakini zinahitaji joto kidogo, na feruzi ndiyo nzito kushika kuliko zote. Siku hizi nafunga kitambaa kibichi ndani ya nailoni, nakiweka juani mchana, nakifungua kesho yake. Tofauti ni kubwa mno.

Raha yangu hasa ni kuweka tabaka. Juu ya njano iliyokwisha kukauka nalaza misumari yenye kutu iliyolowa siki, siku mbili, halafu namwagia chai ya rangi iliyokolea: palipo na kutu panageuka kijivu cheusi, kama moshi ukutani. Siki ije baada ya rangi, si kabla, kwa sababu inaua magadi. Kisha suuza sana, kutu hula pamba polepole.

Katani inashika kwa mabaka, nami naipenda hivyo hivyo. Nitanunua tena njano, nyekundu na buluu. Feruzi nitangoja Januari.