Bomba la tokeni Kampala: maji ya bei rasmi kwa yule aliyefikiwa

Huduma ninayoitathmini hapa ni bomba la umma la kulipia kabla, ambalo Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, yaani NWSC, limeliweka katika mitaa ya watu wa kipato cha chini jijini Kampala, na ambalo watumiaji wake hulijua zaidi kwa jina la bomba la tokeni. Mteja hupewa kifaa kidogo kinachoshikika kama ufunguo, hukiongezea fedha kwa wakala, kisha hukigusisha kwenye mita ya maji. Maji hutoka mpaka atakapokiondoa, na kinachokatwa ni thamani ya maji aliyoyachota tu. Hapahitajiki msimamizi wa kupokea sarafu, wala hapagombewi chenji, na anayerudi kazini usiku anaweza kuchota bila kumwamsha mtu.

Sifa kubwa ya huduma hii ni bei. Bei rasmi katika bomba la umma imekuwa shilingi 25 kwa jerikani ya lita 20, na kwa kuwa meta moja ya ujazo hujaza jerikani 50, mchotaji hulipa shilingi 1,250 kwa kiasi hicho. Yule anayenunua kwa muuzaji wa mtaani kwa shilingi 200 kwa jerikani hulipa shilingi 10,000 kwa maji yaleyale, yaliyotoka katika bomba kuu lilelile. Tuchukulie familia inayotumia jerikani sita kwa siku: kwa bei rasmi itatumia shilingi 4,500 kwa siku thelathini, na kwa bei ya muuzaji itatumia 36,000. Tofauti hiyo ya shilingi 31,500 si jambo dogo kwa mpangaji wa chumba kimoja anayeishi kwa kibarua cha siku.

Bei hiyo ya chini ni ruzuku, kwa sababu katika orodha ya bei za NWSC bomba la umma hutozwa kidogo kuliko nyumba yenye mita yake, na pengo hilo hufidiwa kwa kiasi fulani na viwanda na biashara, ambavyo hutozwa zaidi. Tatizo la bomba la umma la kawaida, lile lenye msimamizi, ni kwamba ruzuku huishia mkononi mwa msimamizi. Yeye hulipia maji kwa bei ya chini, lakini huyauza kwa bei anayoona itamlipa, na sisemi kwamba lazima awe mwizi: hushinda hapo kutwa nzima, maji yanayomwagika ni hasara yake, na bili ikija humkuta yeye, hata kama jirani aliyekopa jerikani kumi amekwisha kuhama. Mpangaji wa mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa safu, anayechota kwa mwenye nyumba ana hali mbaya zaidi, kwani maji hayo yametozwa bei ya matumizi ya nyumbani, yakaongezewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kisha faida ya mwenye nyumba ikawekwa juu yake. Hivyo ndivyo mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote mtaani anavyokuwa mnunuzi wa maji ghali kuliko wote. Bomba la tokeni humwondoa mtu wa kati, na kwa sababu hiyo pekee ningelipendekeza hata kama lingekuwa na kasoro nyingi kuliko lilizo nazo.

Kasoro zipo. Mita ya aina hii hugharimu zaidi ya ile ya kawaida, ina betri na vali zinazohitaji fundi anayezifahamu, na ikisimama haimwathiri mteja mmoja bali wote wanaoitegemea. Siku hiyo watu hurudi kwa muuzaji, au huenda kwenye chemchemi, na katika mabonde kama Bwaise, ambako maji ya ardhini yako karibu na uso na vyoo vya shimo vimebanana, chemchemi ya bure yaweza kuja na gharama ya zahanati.

Hata hivyo, kinachoipunguzia huduma hii alama zaidi ni namna inavyogharamiwa. Fedha kubwa za maji huelekea kwenye mitambo mikubwa. Mtambo wa Katosi wilayani Mukono, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 160 kwa siku, umejengwa chini ya mradi wa maji wa Ziwa Victoria ambao wakopeshaji wake ni taasisi za Ulaya kama AFD ya Ufaransa, KfW ya Ujerumani na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Mtambo ulihitajika, kwa kuwa bomba lisilo na maji halimfai mtu, lakini ni rahisi zaidi kukopea mtambo mmoja wenye mkataba mmoja kuliko kukopea maelfu ya vipande vya bomba, kila kimoja kikipita katika kibanja cha mtu mwenye masharti yake.

Sera ya NWSC iliyoanza mwaka 2004 ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kumuunganisha bure mteja aliye ndani ya mita 50 kutoka bomba kuu, gharama ikibebwa na wateja wote kupitia bei ya maji. Naiona ni sera ya haki iliyomlenga mtu asiye sahihi, kwa kuwa anayeomba kuunganishwa ni mwenye kiwanja, ilhali mpangaji hana kiwanja cha kuombea, na aliye mbali zaidi ya mita hizo 50 alijinunulia bomba mwenyewe. Mpango wa SCAP100, yaani mpango wa NWSC wa kuharakisha upanuzi wa huduma, ulioanza mwaka 2017 kwa fedha za serikali na mapato ya shirika lenyewe, ulikuwa na shabaha bora, maana uliweka mkazo kwenye kurefusha mabomba na kuongeza mabomba ya umma. Utaratibu ninaoupendelea kuliko yote ni ule uliojaribiwa Kampala kwa ufadhili uliosimamiwa na Benki ya Dunia, ambapo ruzuku hutolewa baada ya kuthibitishwa kwamba kaya maskini imeunganishwa na maji yanatoka. Mradi wa namna hiyo haulipwi kwa mitaro iliyochimbwa na kuachwa.

Katika miji midogo inayohudumiwa na mamlaka za Umbrella, yaani mamlaka za maji za kikanda zilizo nje ya NWSC, sitarajii bomba la tokeni kuenea upesi, kwani wateja ni wachache na hakuna viwanda vya kuchangia ruzuku.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Anayehamia mtaa wenye bomba hilo achukue tokeni kabla ya kuzoea kwa muuzaji, na aiongezee fedha kidogo kidogo. Wakazi wanaotaka kuliomba waanze kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa la ngazi ya chini kabisa, na mwenye ardhi, wapate kibali cha maandishi cha njia ya bomba, maana ombi lisilo na kibali hicho laweza kukwama hata pale fedha zilipokwisha kupatikana.