Kliniki ya meno Mbeya mjini: daktari safi, mapokezi balaa

Jamani, mkiambiwa kukoroma kunatibiwa kwa daktari wa meno msicheke. Kunatibiwa. Ila pale nilipotibiwa mimi, jiandaeni kudhalilishwa kwanza. Jina la kliniki silitaji, madeni ya wateja yananitosha, sitaki na kesi.

Mimi nilipeleka gego lililotoboka, basi. Kilikuwa kipindi cha baridi yetu ile ambayo mteja akija kupimwa gauni havui koti. Daktari akaliziba gego vizuri tu, halafu akaniambia nitoe ulimi. Akauangalia weee, akanipa kioo nijionee. Pembeni ulimi una mabonde mabonde, alama za meno kabisa, kama pindo la gauni lililovutwa uzi. Na magego yamesagika juu, bapa. Akaanza maswali: mama, ukiamka kichwa kinauma? Mdomo unakauka? Mchana unasinzia? Una presha? Kila alipouliza najibu ndiyo. Kusinzia ndiyo usiseme, sindano ya cherehani imeshanipitia kidole mchana kweupe. Akauliza kama najua shingo yangu ni inchi ngapi. Kumuuliza fundi! 16 na nusu. Akasema kwa mwanamke ikizidi 16 ni dalili mojawapo, ingawa peke yake haithibitishi kitu.

Hapo nampa haki yake. Angetaka angeniuzia kifaa siku ile ile na ningelipa, lakini alikataa. Alisema yeye anaweza kushuku tu, kuthibitisha ni mpaka upimwe ukiwa usingizini. Nikapanda basi hadi Dar, nikalala na mkanda kifuani, kimrija puani na kidude kidoleni. Majibu yakatoka: pumzi inakatika au inafifia mara 21 kwa saa, na kila mara si chini ya sekunde 10. Chini ya 5 hawana neno na wewe. 15 hadi 30 ni ya kati, ikivuka 30 ni kali. Wanaiita apnea ya usingizi. Ukilala koo linalegea, ulimi unarudi nyuma, hewa inakosa njia, ubongo unakushtua upumue, unalala tena, unashtuliwa tena, hivyo hivyo mpaka kunakucha. Ndiyo maana unaamka umechoka kama hukulala.

Daktari wa huko akanieleza habari za mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, na kwamba walio na hali kali wanaanza na hiyo. Nikauliza bei, nikanyamaza. Na umeme wetu huu wa kukatika? Kwa kuwa yangu ilikuwa ya kati, akakubali nijaribu kifaa cha mdomoni, akaniandikia barua.

Sasa njooni muone vituko. Nimerudi Mbeya, daktari wa meno kakagua fizi kwanza, maana kifaa kinashikilia meno na yakiwa yanacheza hakifai. Kachukua alama za meno kwa lile dongo la kutapisha, nimelipa nusu, nikaambiwa nitapigiwa simu. Sikupigiwa. Nikaenda mwenyewe, nikakuta benchi limejaa. Binti wa mapokezi, rika la mwanangu wa mwisho, shikamoo hana, macho kwenye simu. Nikamwinamia nikasema taratibu, nimefuata kifaa changu.

"Kifaa gani?"

Cha usingizi, mwanangu.

Akageukia mlango wa ndani akapaza sauti: "Dokta! Yule mama anayekoroma kaja!"

Benchi zima likageuka. Mmoja wao ni mteja wangu, anauza vitenge Mwanjelwa, na Mwanjelwa mnaijua: nafika kibandani kwangu, habari imeshafika. Mpaka leo vijana wa bodaboda wananiita Mama Scania. Mwanaume akikoroma watu wanasema maskini, kachoka na kazi. Mimi ninayeshinda kwenye cherehani kutwa, kumbe sichoki!

Nikamlalamikia daktari. Akasema, "Samahani mama, yule bado mtoto." Mtoto? Mtoto anayebandika kucha na kupokea mshahara? Nilitoka pale nimeapa siwapi hata nyota moja.

Lakini kifaa, jamani. Ni vipande viwili vya plastiki ngumu, cha juu na cha chini, vimeunganishwa kwa skrubu ndogo pembeni. Kinalivuta taya la chini mbele, ulimi unalifuata, koo linabaki wazi. Linasogezwa kidogo kidogo, milimita kwa milimita. Mwanzoni mate yalilowesha mto na taya likauma. Asubuhi meno ya mbele hayakutani. Mimi nimezoea kukata uzi kwa meno, sasa nang'ata, uzi unateleza tu, mpaka kwenye saa nne ndiyo yanakaa sawa. Daktari amenipa kidude cha kung'ata nikiamka ili taya lirudi, na amenionya kuwa wengine meno husogea moja kwa moja, kwa hiyo lazima nirudi kukaguliwa. Kurudi! Kwa yule binti!

Ila kichwa cha asubuhi kimekwisha, cherehani sisinzii, na mzee wangu aliyekuwa amehamia chumba cha watoto amerudi bila kuitwa. Dawa za presha nameza kama kawaida, asije mtu akadanganyika akaacha zake. Kwa hiyo nyota nne. Hapana, tatu, nimekumbuka bima ilikataa kulipa, na risiti waliyonipa iliandikwa "huduma ya meno" tu, ikabidi nirudi kuomba nyingine. Mapokezi yuko nani? Yeye yule, na alinicheka. Mbili.

Mtakaoenda, nendeni Jumamosi asubuhi. Anakaa mama mmoja mtu mzima, anasalimia watu na majina anaita taratibu.