Uzoefu wangu Tide Mills, Uingereza: nenda maji yakiwa yanapwa

Kwa mlioko Uingereza mnaotafuta pa kutembea bila kulipa, jaribuni Tide Mills, iko kati ya Newhaven na Seaford, mnapanda treni toka Brighton mnashuka Bishopstone halafu mguu kidogo tu kuelekea baharini. Kiingilio hamna. Ila ukienda ukitegemea majumba ya kupigia picha utanuna, kilichobaki ni kuta fupifupi za mawe, sakafu, na yale matao ambako maji yalikuwa yanapita.

Hapo palikuwa na kijiji kizima cha mashine ya kusaga ngano, ilianza 1761 na enzi zake ilikuwa na jozi 16 za mawe ya kusagia. Injini wala hamna, maji yakijaa yanaingia kwenye mabwawa, milango inafungwa, bahari ikishapwa wanayafungulia yanazungusha magurudumu, kwa hiyo mtu alikuwa anaamkia kazini kwa saa ya bahari sio ya bosi, hata iwe saa nane usiku. Sisi wa Tanga tuliokua na bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) tunaelewa fasta, mume wangu mtu wa bara ikabidi nimchoree mchangani 😂

Kusaga kuliisha 1883 lakini watu waliendelea kuishi pale mpaka 1939 walipotolewa, vita ikaingia, jeshi likavunja nyumba adui asipate pa kujificha. Na 1924 kulikuwa kumefunguliwa hospitali ya watoto wenye ulemavu hapohapo ufukweni wapate hewa ya bahari, kwa ule upepo nilioukuta mimi sijui walikuwa wanalalaje jamani.

Sasa mimi kilichonikamata ni upande wa Newhaven, kwenye hifadhi ya Ouse Estuary, matete na maji ya chumvi. Maji yakipwa tope linabaki wazi na ndege wanashuka kula, nilimwona yangeyange anachezesha mguu kwenye tope, anatulia, anadonoa, yaani kama wa kwetu kabisa. Hii ndo sababu nasema angalieni ratiba ya maji kabla ya kukata tiketi, yakijaa ndege wengi wanasogea mbali na mtaambulia kokoto tu.

Nyota nne. Moja nimekata kwa sababu choo sikukiona popote, duka pia hamna, kwa hiyo bebeni maji na koti zito hata kama ni Julai.