Divai ya kwenye tangi na divai ya kwenye chupa: siku yangu Hombolo, Dodoma

Mama mwenye shamba alinidhania dalali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijajieleza akasema, "Zabibu hatuuzi mwanangu, tunakamua wenyewe." Nikamwambia mimi ni mnywaji tu, nimetoka Dar kuja kuonja. Alicheka mpaka akashika mlango. "Haya, karibu. Leo tumepata mlevi wa miadi."

Jina la mahali siandiki. Wenyewe waliniomba hivyo, kwa sababu wanapokea wageni wachache kwa kupigiwa simu na hawana watu wa kuhudumia basi zima. Ukiulizauliza Hombolo utaelekezwa.

Safari yenyewe siku hizi si ya kulalamikia. Treni ya SGR kutoka Dar hadi Dodoma nililipa shilingi 31,000, saa nne hivi umefika. Taabu ni kipande cha mwisho, kwa gari la kukodi, maana vumbi la Dodoma linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Nikiri kwamba nilikwenda na dharau kidogo. Divai ya Dodoma niliyokulia nayo ni ile tamu ya harusini, unayokunywa kwa adabu huku ukitafuta pa kuimwaga. Nilitaka kujua kama tatizo ni zabibu au ni sisi.

Kijana wa nyumba, ndiye anayesimamia matangi, alinipitisha shambani kwanza. Nilidhani nitapewa hotuba, kumbe alikuwa na jambo. Ulaya, alisema, mzabibu unalazwa na baridi, ukiamka unazaa mara moja kwa mwaka. Hapa baridi ya kuulaza hakuna, kwa hiyo anayeulaza ni mkulima kwa mkasi. Ukipogoa leo, baada ya miezi kama minne unavuna, na ndiyo maana Dodoma inavuna mara mbili. Mavuno ya Machi hukutana na mvua, matunda yanajaa maji na ukungu unanyemelea. Ya Agosti na Septemba huiva juani, sukari inapanda. Kumbe chupa mbili za shamba moja, mwaka mmoja, zinaweza kutofautiana kama mtu na shemeji yake! Kwenye lebo za dukani nani anakwambia hiyo ni ya mavuno gani?

Familia hii ilianza kukamua baada ya msimu mmoja zabibu kukosa mnunuzi. Zabibu haingoji kama mahindi. Mama alisema walizitazama zikioza kwenye makreti, na mwaka uliofuata wakanunua tangi la kwanza. Mwanzoni waliuza mchuzi tu, yaani divai ya jumla isiyofungwa chupani, kwa viwanda vikubwa. Chupa zao wenyewe zilikuja baadaye.

Sasa kuonja. Nililipa 15,000, na kilichonishika ni cha kwanza kabisa: divai nyeupe ya zabibu aina ya Chenin Blanc, ya mavuno ya Machi, iliyotolewa kwenye koki ya tangi moja kwa moja. Ilikuwa mwisho wa Mei. Ina uchachu wa embe bichi lenye chumvi, halafu nyuma yake kuna harufu ya pera lililoiva. Sukari hakuna. Nilisimama na glasi nikasahau kuuliza swali. Mashine ya kupozea hawana ya maana, wanazungushia tangi magunia yaliyolowa na kuyamwagia maji usiku, ili joto la uchachukaji lisiue harufu. Magunia na maji, na divai inatoka hivyo!

Nyekundu, ya zabibu aina ya Makutupora, sikuipenda kwa haraka. Ukakasi wake unakaza ulimi kama ndizi mbichi, na ilimiminwa ikiwa na joto la chumba, na chumba cha Dodoma saa saba mchana si mchezo. Niliomba iwekwe kwenye friji nusu saa. Mama alinitazama kama mtu anayetaka kupoza chai, lakini akaiweka. Iliporudi na mbuzi wa kuchoma ilikuwa divai nyingine kabisa, mafuta ya nyama yaliulainisha ule ukakasi. Ugali wa mtama na mlenda vilikuwepo pia. Mlenda na divai nyekundu, hapana. Nimejaribu kwa niaba yenu.

Lalamiko langu ni chupa. Nilinunua sita kwa 18,000 kila moja, nne nyeupe na mbili nyekundu. Nyumbani nikafungua nyeupe ya kwanza baada ya wiki tatu: ile embe imepotea, rangi imeanza kuwa ya chai. Ya pili vivyo hivyo. Wanajaza kwa mkono, kwa mpira na faneli, na hewa ikiingia humo divai nyeupe haisamehe. Nyekundu zimehimili vizuri, ukakasi ule ule ulionisumbua ndio unaozilinda. Kwa hiyo nawapa nyota nne, na ya tano nimeiacha kwenye tangi.

Ukienda: fika kabla ya saa nne asubuhi, kabla ya jua kali. Omba uonjeshwe kwenye koki kwanza, kabla ya chupa. Nyekundu nunua utakavyo. Nyeupe nunua ya kumaliza wiki hiyo, na isafiri kwenye barafu.

Nilimpigia yule kijana nikamweleza habari ya rangi ya chai. Hakubisha. "Dada, hata sisi nyeupe ya chupa hatunywi," akasema. "Tunateremka na jagi." Septemba narudi, na kikasha cha barafu ninacho tayari.